Maswali ya Wasomaji: Maktaba ya Programu na Ahadi Ambazo Hazikuandikwa

Mwezi huu sanduku letu la barua limeelemewa na swali moja lililokuja kwa sura mbalimbali, nalo ni namna ya kutunga maktaba ya lugha ya programu ambayo haitalazimika kuvunjwa kila mambo yanapobadilika. Kwa wasomaji wasio wa fani hii, maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa fanksheni zilizokwisha kuandikwa (vipande vya programu, kila kimoja na kazi yake), ambazo mwandishi wa programu huziita kwa majina yake badala ya kuziandika upya. Lugha nyingi huja na maktaba yake sanifu, na juu ya hiyo kila mtu hujenga yake, kwa hiyo anayeigusa huwa anagusa nyumba za watu asiowajua.

Swali

Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi na wenzangu watatu tuliandika maktaba ndogo ya saa na tarehe za Kiswahili. Ukiipa wakati wowote, inakurejeshea maandishi kama vile "saa mbili na robo asubuhi". Tuliigawa bure na watu wakaitumia, wakiwemo walimu wanaopanga ratiba za skuli na kijana mmoja aliyetengeneza programu ya kuandikia mizigo ya karafuu. Baadaye tuliona ni bora kuandika "na dakika 15" badala ya "na robo". Tukabadilisha, na wiki ile ile programu ya yule kijana ikaanza kuandika saa za uongo, kwa sababu ilikuwa ikiyakata maneno yetu na kulitafuta neno "robo". Sisi hatukuahidi popote kwamba neno hilo litabaki. Kosa ni la nani? Na sasa tunapotaka kuandika viwango vya maktaba kubwa zaidi ya Kiswahili, itakayokuwa na tarehe za Kiislamu pia, tujikinge vipi?

Msomaji, Chake Chake, Pemba

Jibu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwa maandishi mliyoyaweka, kosa si lenu. Kwa uungwana, ni lenu kwa sehemu kubwa, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, alilieleza jambo hili kwa kauli ambayo sasa huitwa kwa jina lake: maktaba ikishapata watumiaji wa kutosha, haijalishi tena uliahidi nini katika maelezo yake, kwa kuwa kila tabia inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea. Kijana wa karafuu hakuyasoma maelezo yenu akayakaidi. Aliitazama maktaba ikifanya kazi, akaona neno "robo" linatoka kila mara, naye akalijengea, kama sote tunavyoujengea ule mlango wa jirani ambao siku zote huwa wazi.

Watunzi wa lugha ya Go walilijua hilo mapema. Katika ile aina ya data inayohifadhi vitu kwa funguo, waliandika kwamba mpangilio wa kuvipitia vitu hivyo haukuahidiwa, lakini hawakuishia kwenye kuandika. Waliifanya lugha yenyewe ianzie mahali pa nasibu kila inapovipitia, ili mtu asipate hata fursa ya kuuzoea mpangilio wowote. Python ilishika njia nyingine. Toleo lake la 3.6, lililotoka mwaka 2016, lilianza kuuhifadhi mpangilio wa kuingizwa kwa vitu, ikiwa ni matokeo tu ya ufundi wa ndani. Watu wakauzoea, na toleo la 3.7 la mwaka 2018 likaufanya kuwa ahadi rasmi. Njia zote mbili naziheshimu. Nyinyi mliacha tabia ionekane bila kuiahidi na bila kuificha, na hapo ndipo mlipomtega mwenzenu bila kukusudia.

Wala msidhani kwamba haya huwapata wachanga peke yao. Kiwango cha lugha ya C kinasema wazi kwamba fanksheni iitwayo memcpy, inayonakili baiti (vipande vidogo vya data) kutoka mahali hadi mahali katika kumbukumbu ya kompyuta, isitumike pale sehemu mbili hizo zinapopandana. Kwa kazi hiyo ipo nyingine, memmove. Hata hivyo kwa miaka mingi, kwenye mashine za kawaida, memcpy ilinakili bila matatizo hata sehemu zikipandana, na wengi wakaizoea hivyo. Mwaka 2010 maktaba ya C inayotumika katika mfumo wa kompyuta wa Linux iliharakishwa kwa kunakili kwa mpangilio mwingine, na sauti za Flash, programu ya kuchezea video na sauti za mtandaoni, zikaharibika katika Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux. Waliobadilisha walikuwa na haki kwa mujibu wa kiwango, lakini mtumiaji anayesikia mikwaruzo kwenye spika hana habari na kiwango. Mwishowe maktaba hiyo ilipangwa hivi: programu iliyokusanywa zamani (yaani iliyogeuzwa kutoka maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine) iendelee kupewa tabia ya zamani, na inayokusanywa sasa ipewe mpya. Kwa maoni yangu huo ndio ungekuwa mwenendo wenu pia: "na robo" ibaki kwa anayeiita fanksheni ya zamani, na "na dakika 15" ipewe fanksheni yenye jina jingine.

Lakini chanzo cha shida yenu ni kwamba maneno "na robo" yalikuwa njia pekee ya kuipata robo. Mtu aliyetaka kujua dakika ngapi zimepita hakuwa na pa kuuliza isipokuwa kuyapekua maandishi. Mngemrejeshea kitu chenye sehemu zake, yaani saa, dakika na kipindi cha siku, kila moja ikiwa na jina lake, kisha maandishi yakatengenezwa mwisho kabisa kwa ajili ya macho ya binadamu tu, asingekuwa na sababu ya kuyakata maneno. Na chini ya hayo yote mngehifadhi wakati wenyewe kama nukta moja isiyo na lugha. Saa mbili ya asubuhi ya Chake Chake na saa nane ya mashine inayohesabu kuanzia usiku wa manane ni nukta ile ile. Zinatofautiana kwa namna ya kutamkwa, na utamkaji ni jambo la pembeni ambalo linaweza kubadilika mara kumi bila kuitikisa nukta.

Lugha ya Java ilijifunza hili kwa gharama. Aina yake ya tarehe iliyokuja na toleo la kwanza, mwaka 1996, iliuchanganya wakati, kalenda na maandishi katika kitu kimoja. Mwaka ulihesabiwa kwa kutoa 1900, miezi ilianzia sifuri, na juu ya hayo mtu aliyekabidhiwa tarehe aliweza kuibadilisha ikiwa bado iko mikononi mwa mwenziwe. JavaScript, lugha ya kurasa za mtandaoni, iliyanakili mengi ya hayo, ndiyo sababu hadi leo ndani yake Januari ni mwezi wa sifuri. Java ilipata maktaba mpya ya wakati katika toleo la 8, Machi 2014, na humo nukta ya wakati, tarehe ya kalenda na saa ya ukutani ni aina tatu tofauti. Ile ya mwaka 1996 haikuondolewa. Bado ipo.

Kwa kuwa mnataka kuingiza na tarehe za Kiislamu, nawapa tahadhari moja mahsusi. Maktaba hiyo ya Java inayo kalenda ya Hijria, nayo hufuata hesabu ya Umm al-Qura inayotumika Saudi Arabia. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kazi yake, lakini haiwezi kukuambia kama mwezi utaonekana Pemba jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, na maktaba yenu ikiitangaza Sikukuu kwa hesabu peke yake, itamfunguza mtu au kumfungisha kinyume na watu wa mtaani kwake. Basi tarehe iliyohesabiwa na tarehe iliyotangazwa ziwe vitu viwili. Ya kwanza itoke kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na ya pili isomwe kutoka kwenye faili la data ambalo mtu aliyeaminiwa analijaza. Watunzi wa Java wenyewe waliacha upenyo huo, kwani kalenda nyingine ya Hijria inaweza kuongezwa kwa faili la mipangilio bila kuandika upya maktaba.

Mfano mkubwa zaidi wa kutenga data na msimbo ni ile hifadhidata ya majira ya saa duniani iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo karibu kila kompyuta na simu inaitegemea. Serikali hubadilisha saa zitakavyo. Samoa iliiruka kabisa siku ya tarehe 30 Desemba 2011 ili ihamie upande wa pili wa mstari wa tarehe, na Misri ilirejesha saa za kiangazi mwaka 2023. Fanksheni zinazouliza "hapa ni saa ngapi?" hazikubadilika hata moja kwa ajili ya maamuzi hayo, lilibadilika faili. Kila mnapoandika kanuni ndani ya msimbo, jiulizeni kama kuna mtu ofisini mahali fulani anayeweza kuamka kesho akaibadilisha. Kama yupo, itoeni humo.

Limebaki suala la kuacha nafasi, na hapa sitaki kuwa mfupi, kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtu anayeingia nyumba za mawe za Mji Mkongwe huona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita tatu tu. Sababu ni dari: ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikupatikana ndefu kuliko hapo. Fundi hakuandika mahali popote kwamba chumba kisizidi upana huo. Boriti ilimwamulia, na aliyerithi nyumba hawezi kukipanua chumba bila kuivunja dari.

Boriti ya namna hiyo imo katika Unix, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta. Fanksheni ya dup, inayonakili kishikio cha faili (nambari ambayo programu hulitajia faili lililofunguliwa), ilizaliwa na hoja moja, yaani kitu kimoja tu inachopewa inapoitwa. Ilipohitajika kuchagua nambari ya nakala, ikazaliwa dup2. Ilipohitajika kupitisha alama ya ziada ya kubadilisha tabia yake, ikazaliwa dup3. Nafasi ya alama hizo isingegharimu kitu kama ingekuwepo tangu mwanzo. Fanksheni ya open, ya kufungua faili, yenyewe ilikuwa na nafasi hiyo, lakini katika Linux ilikuwa na ila ya aina nyingine: alama isiyoijua iliipuuza kimya kimya. Mtu akiipa takataka, iliipokea bila kulalamika. Matokeo yake, watunzi walipotaka kuongeza alama mpya hawakuweza kuwa na uhakika kwamba hakuna programu ya zamani inayoipitisha alama hiyo kwa bahati mbaya, na wala programu mpya haikuweza kujua kama mfumo wa zamani umeielewa alama au umeitupa. Ilibidi itungwe openat2, iliyoingia katika kiini cha Linux (sehemu yake ya ndani kabisa) toleo la 5.6 mwaka 2020. Hiyo hupokea muundo wa data unaotaja ukubwa wake wenyewe, ili baadaye uweze kurefushwa, na chochote isichokijua hukikataa kwa sauti.

Naomba mlikumbuke hili la kukataa, kwa sababu hulka yetu huenda kinyume chake. Sisi tumelelewa kumpokea mgeni bila kumuuliza mengi, na mwandishi mwema wa maktaba hutaka kuwa mpole kwa hoja asizozielewa. Katika kazi hii upole huo ni deni. Nafasi mliyoikataa leo ni mali yenu, mnaweza kuipa maana kesho; nafasi mliyoipokea bila maana imeshachukuliwa na watu msiowajua.

Swali

Mhariri mheshimiwa, sisi ni kikundi cha wanafunzi wa Fuoni. Tunaandika maktaba ambayo majina yote ya fanksheni ni ya Kiswahili, na tumegawanyika. Wengine wanataka majina mafupi ya kawaida kama "ongeza" na "tafuta", wengine wanasema majina hayo yatagongana na ya watu wengine. Pia hatukubaliani juu ya istilahi; kitu kimoja mmoja wetu anakiita "orodha" na mwengine "safu". Tafadhali tuamulie.

Wanafunzi, Fuoni, Unguja

Jibu

Wanangu, mgongano mnaouogopa ni wa kweli, lakini dawa yake si kuyarefusha majina. Sikilizeni kisa hiki. Wakati JavaScript ilipokuwa bado haina fanksheni nyingi za kushughulikia orodha, maktaba iitwayo MooTools iliziongeza yenyewe, tena ilizitia moja kwa moja ndani ya aina ya orodha ya lugha, si pembeni. Miaka ikapita. Kamati ya lugha ilipotaka kuingiza katika kiwango fanksheni ya kuuliza kama orodha ina kitu fulani, jina la contains lililofaa liligongana na la MooTools na kuziharibu tovuti za zamani, na kwa hiyo kiwango cha mwaka 2016 kikatoka na includes. Mwaka 2018 yalirudi yale yale kwa fanksheni ya kunyoosha orodha zilizomo ndani ya orodha: flatten ilishindikana, ikapita flat. Maktaba ambayo wengi walikuwa wameshaiacha ilikuwa inaiamulia lugha ya dunia nzima majina yake, kwa sababu tu mtu aliweka vyombo vyake katika chumba kisichokuwa chake.

Basi wekeni kila fanksheni ndani ya moduli (fungu la fanksheni) yenye jina, na mtumiaji aite "orodha.ongeza" au "maandishi.tafuta", hapo majina mafupi hayatawadhuru. Msitie kitu ndani ya aina za data zisizo zenu, na katika maelezo yenu msimfundishe mtu kuyavuta majina yote ya moduli kwa mpigo mmoja, kwa sababu akifanya hivyo, kila jina mtakaloongeza mwakani linaweza kulifunika lake. Hata lugha yenyewe huweza kuwageuka: Python ilipolifanya neno async kuwa neno lake maalumu katika toleo la 3.7, maktaba zilizokuwa zimelitumia kama jina la hoja zililazimika kulibadilisha. Kwa hoja za pembeni, zile ambazo si lazima, mlazimisheni mwitaji azitaje kwa jina badala ya kuzipanga kwa nafasi, ili siku ya kuongeza ya tano msiivuruge ya nne.

Ama kuhusu "orodha" na "safu", sina ubishi na yeyote kati yenu, ila chagueni moja na kuishikilia, na lile jingine mlipatie kazi tofauti kama ipo. Kiswahili sanifu chenyewe kilipitia hapo. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikisimamisha juu ya Kiunguja cha mjini. Haikusema kwamba Kimakunduchi au Kipemba ni makosa, na wenye lahaja zao wanazo mpaka leo. Ilitaka tu kwamba kitabu kikichapwa, kisomeke kote. Kabla ya kubuni istilahi, ulizeni Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na mkishachapisha jina, hata likiwa na kasoro ya tahajia, liacheni. Unix inayo fanksheni ya kuunda faili iitwayo creat, iliyokatwa herufi yake ya mwisho, na Ken Thompson, mmoja wa watunzi wa Unix, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeitunga Unix upya, alijibu kwamba angeiongeza herufi hiyo. Hakuiongeza.

Swali

Je, nambari za matoleo zina faida yoyote, au ni mapambo tu? Nyengine naona 2.7, nyengine 1.40.2.

Msomaji, Makunduchi

Jibu

Zina faida pale zinapofuata kanuni iliyotangazwa. Iliyoenea zaidi ni ile aliyoiandika Tom Preston-Werner, yenye nambari tatu: ya kwanza hupanda unapovunja kitu, ya pili unapoongeza bila kuvunja, ya tatu unaporekebisha kasoro. Udhaifu wake ni kwamba anayeamua kama amevunja au hakuvunja ni mwandishi mwenyewe, na barua ya Chake Chake imeonesha jinsi anavyoweza kukosea. Go imeongeza tahadhari ninayoipenda: maktaba ikifika nambari ya kwanza ya 2 na kuendelea, nambari hiyo huingia ndani ya jina lake la kuitia, kwa hiyo ya zamani na mpya zinaweza kukaa ndani ya programu moja bila kugombana.

Swali

Mhariri, kuna kosa la wazi katika maktaba tunayoitunza hapa Wete. Fanksheni mojawapo hurejesha sifuri inapokosa faili, badala ya kutoa taarifa ya kosa. Wenzangu wanasema tusiiguse milele kwa sababu watu wameizoea. Mimi naona ni aibu kuacha kosa linalojulikana. Nani mwenye haki?

Msomaji, Wete, Pemba

Jibu

Ndugu yangu, aibu haitoshi kuwa sababu. Nauliza kwanza: kosa hilo linamdhuru mtu anayeitumia maktaba kwa usahihi, au linakuudhi wewe unayeusoma msimbo?

Angalia fanksheni ya gets katika C. Ilisoma mstari kutoka kwa mtumiaji bila kuuliza mstari huo ni mrefu kiasi gani, na hapakuwa na namna yoyote ya kuitumia kwa usalama. Mwaka 1988 programu iliyojieneza yenyewe kwenye intaneti, inayojulikana kwa jina la Robert Morris aliyeiandika, ilipenya katika kompyuta kadhaa kwa kuitumia kasoro hiyo hiyo. Hata hivyo gets haikuondolewa katika kiwango cha C mpaka toleo la mwaka 2011, yaani miaka 23 baadaye, na ingawa mimi si mtu wa haraka, huo naona ulikuwa ni ugoigoi. Katika lugha ya C++ kielekezi (kitu kinachoonesha mahali data ilipo) kilichoitwa auto_ptr, ambacho kukinakili kulikinyang'anya cha asili mali yake, kiliwekwa katika kiwango cha mwaka 1998, kikatangazwa kuwa kimechakaa mwaka 2011 siku ile ile mbadala wake alipoingia, kikaondolewa mwaka 2017. Mwenendo huo ndio wa kuigwa: mbadala uje kwanza, onyo lifuate, muda upite, kisha ndipo kitu kiondoke.

Python ilitaka kusahihisha kosa kubwa zaidi, la kuchanganya maandishi na baiti, na katika hilo ilikuwa na haki kabisa. Mtu anayetaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, pamoja na herufi za nyongeza kama پ na چ, hawezi kuvumilia lugha inayodhani kwamba herufi moja ni baiti moja. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na lile la 2 lilipangiwa kuachwa mwaka 2015. Muda ukasogezwa, likaachwa tarehe 1 Januari 2020. Kilichowachelewesha watu, kwa jinsi ninavyoona, si ukubwa wa mabadiliko peke yake, bali ni kwamba mwanzoni msimbo mmoja haukuweza kuandikwa ukafanya kazi kote kuwili bila taabu. Hata alama ndogo ya u iliyotangulia maandishi iliondolewa, ingawa haikumdhuru mtu, na mwaka 2012 toleo la 3.3 lilibidi liirudishe. Mwenye kuvunja daraja sharti aweke kivuko, na kivuko kipitike pande zote mbili, kwa kuwa wapo watakaovuka leo na wapo watakaosubiri mpaka maktaba nyingine wanazozitegemea zivuke kwanza.

Kwa hiyo kwa kosa lenu: andikeni fanksheni mpya yenye jina jipya inayotoa taarifa ya kosa, ile ya zamani itoe onyo inapoitwa, nayo ibaki ikirejesha sifuri yake. Kabla ya yote hayo, tafuteni programu zinazoitumia. Watunzi wa lugha ya Rust wanacho chombo kiitwacho Crater, kinachochukua maktaba zilizochapishwa na watu, maelfu kwa maelfu, na kuzikusanya na kuzijaribu kwa toleo jipya ili waone nini kitavunjika. Nyinyi hamhitaji chombo kikubwa kiasi hicho. Wete na Konde kwa pamoja labda mna watumiaji wanaojulikana kwa sura, pigeni simu.

Swali

Kijana wangu ananambia kompyuta zitasahau tarehe mwaka 2038. Mimi natunza kumbukumbu za mikataba ya kukodi mashamba katika programu ya zamani kwenye kompyuta ya zamani. Je, nina la kuogopa?

Msomaji, Mkoani, Pemba

Jibu

Bwana mkubwa, kijana wako kasema kweli. Mifumo iliyotokana na Unix huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Pale hesabu hiyo inapowekwa katika biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, nambari kubwa kabisa inayoingia ni 2,147,483,647, na itafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 za asubuhi kwa saa za kwetu, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata hesabu inageuka kuwa hasi, na tarehe inarudi mwaka 1901.

Waliotunga kiwango cha C walifanya jambo la busara ambalo linawaokoa wengi: hawakusema wakati ni biti 32, bali waliupa aina yenye jina lake, time_t, na upana wake wakauacha kwa mwenye mfumo. Kwa hiyo OpenBSD iliweza kuupanua kuwa biti 64 katika mashine zake zote mwaka 2014, na Linux katika mashine za biti 32 ilikamilisha upande wa kiini mwaka 2020 na wa maktaba ya C mwaka 2021. Programu iliyoliheshimu jina hilo hukusanywa upya tu ikapona. Haitapona ile ambayo mwandishi wake alijua kwamba ndani yake ni biti 32, akaihamisha kwenye nambari ya kawaida, au akaiandika ndani ya faili kwa baiti nne.

Na wewe huna haja ya kusubiri mwaka 2038 ili ujue yako ni ipi. Mkataba wa miaka 20 ukiingizwa leo, mwisho wake umeshaivuka tarehe hiyo. Nakili kumbukumbu zako zote kwenye kompyuta nyingine, katika nakala hiyo ingiza mkataba wa majaribio unaomalizika mwaka 2045, uhifadhi, funga programu, kisha ufungue tena usome imeandika mwaka gani. Ukiona 1901 au chochote kinachofanana nayo, usiendelee kuingiza mikataba mirefu humo, na mwambie kijana wako aje na faili lenyewe.